Usiku wa Kabatini: Nuru Ivujayo Hudhuru Mmea Upi?

Anayeotesha mimea ndani ya kabati, taa ikiwa juu na feni ubavuni, huanza kuhangaika usiku anapozima taa ya sebuleni na kuona mistari myembamba ya nuru ikichungulia kwenye bawaba na pembe za mlango. Ushauri atakaopewa karibu kila mahali ni mmoja: ziba. Ziba kwa tepu, kwa silikoni, kwa povu, isipite hata chembe. Ni ushauri wa nusu. Umeruka maswali matatu yenye uzito: mmea wenyewe ni upi, usiku wake unaangukia saa ngapi, na nje ya kabati kuna nuru kiasi gani saa hizo. Asiyeyajibu hayo atamaliza tepu nzima kwenye mianya isiyodhuru kitu, kisha aache wazi ule mmoja wenye madhara. Pengine atafanya baya zaidi, azibe hewa.

Tuanze na mmea. Mwaka 1918, katika shamba la utafiti la Arlington, Virginia, watafiti wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Wightman Garner na Harry Allard, walikuwa wanasumbuliwa na aina ya tumbaku iitwayo Maryland Mammoth. Kiangazi kizima ilirefuka tu, ikampita mtu kimo, bila kutoa ua hata moja. Ikihamishiwa kwenye banda la vioo wakati wa baridi, ilichanua ingali fupi. Wakajenga kibanda kidogo cha giza chenye njia za hewa, wakawa wanaingiza tumbaku na soya humo alasiri na kuzitoa asubuhi. Tumbaku ikachanua katikati ya kiangazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1920, na tangu hapo ikajulikana kwamba mimea mingi husoma urefu wa siku ndipo iamue kuchanua. Kibanda kile ndicho babu wa makabati yote ya leo, na tangu siku ya kwanza kilikuwa na mahitaji mawili yanayogombana: giza na hewa.

Jibu kamili lilikuja baadaye. Mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner walitumia gugu liitwalo Xanthium, lile lenye matunda ya miiba yanayonasa kwenye nguo na manyoya ya mbuzi. Walikatiza mchana wake kwa giza fupi, gugu halikujali. Walikatiza usiku wake kwa nuru fupi, ya dakika chache tu, likakataa kuchanua. Kumbe kinachohesabiwa ni usiku, tena usiku usiokatika. Mwaka 1952, huko Beltsville, Maryland, Harry Borthwick na Sterling Hendricks walionyesha kwa mbegu za saladi kwamba nuru nyekundu ya takriban nanomita 660 huamsha kitu ndani ya mmea, na nuru nyekundu ya mbali, ya nanomita 730 hivi, hukilaza tena. Kitu hicho ni protini yenye rangi iitwayo fitokromu. Ndiyo inayouambia mmea kama kumekucha au bado.

Kutokana na hayo mimea hugawanyika makundi matatu, na kabati huhukumiwa kulingana na kundi lililomo ndani yake. Nyanya na pilipili, kwa aina nyingi zinazolimwa leo, hazijali urefu wa usiku. Mwenye nyanya kabatini anayetambaa sakafuni na tepu mkononi anapoteza jioni yake. Mchicha wa kuliwa majani ni hivyo hivyo kwa vitendo, maana mkulima hataki uchanue. Mchicha huharakisha maua usiku ukirefuka, kwa hiyo nuru kidogo inayoingia usiku haimwibii mkulima chochote. Spinachi ya kweli, ya kundi la pili, ni kinyume cha mambo. (Nasema ya kweli kwa sababu ile inayouzwa kwa jina hilo katika masoko yetu mara nyingi ni jamii ya bitiruti.) Hiyo huchanua siku zikirefuka, na nuru ya kukatiza usiku inaweza kuichochea itoe shina la maua kabla majani hayajatosha.

Kundi la tatu ndilo la wasiwasi: krisanthemamu, poinsetia, aina za soya, mbaazi za asili, mtama wa asili, pamoja na bangi. Mimea hii husubiri usiku mrefu. Ukiukatiza, hurudi nyuma, huchelewa, au hutoa maua machache yasiyo na mpangilio. Sehemu kubwa ya simulizi za kutisha kuhusu mianya ya nuru imetoka kwa wapanda bangi wa ndani huko Marekani Kaskazini. Kanada iliihalalisha mwaka 2018, ilhali Kenya na Tanzania kuilima ni jinai. Biolojia ya wapanda hao ina msingi, kwa kuwa ni kweli mmea huo husubiri usiku mrefu. Kipimo ndicho kilichotiwa chumvi. Mtu anaposema tundu la sindano limemharibia mazao yote, mimi humwomba kwanza anionyeshe mlango wa kabati lake.

Kwa nini mlango? Tufanye hesabu. Chumba chenye taa za kawaida jioni huwa na nuru ya lux 100 hadi 300. Mbalamwezi ya usiku wa mwezi mpevu haifiki nusu lux. Wakulima wa krisanthemamu wanaofunika mabanda yao hulenga nuru chini ya pazia isizidi lux 20 hivi. Poinsetia hudai giza zaidi ya hapo. Sasa chukua tundu la upana wa milimita 1 kwenye ubao, nje pakiwa na lux 300. Nuru inayopita, ikisambaa juu ya nusu mita ya mraba ya majani, ni chini ya elfu moja ya lux. Mbalamwezi inaizidi mara mamia. Kisha chukua mlango usiobana vizuri, ufa wa milimita 3 kwa urefu wa mita 1. Eneo lake ni kubwa kuliko la tundu lile mara elfu kadhaa, na sasa majani yanapata karibu lux 2 kwa wastani, huku yale yaliyo jirani na ufa yakipata mara nyingi zaidi. Hili ndilo somo la vipimo: matundu ya misumari husamehewa, milango haisameheki.

Macho yetu hutudanganya katika jambo hili. Baada ya nusu saa gizani jicho huona vitu kwa nuru ya nyota, ambayo ni ndogo mno kuliko ile inayoisumbua fitokromu. Kwa hiyo kanuni ya kwamba ukiona nuru yoyote kabati limevuja ni kali kuliko mmea wenyewe. Si vibaya kuifuata kama una muda, ila usikose usingizi kwa ajili yake.

Swali la pili, la saa, ndilo ninaloliona limesahauliwa kabisa, na kwetu sisi wa karibu na Ikweta ndilo lenye faida kubwa. Ushauri mwingi wa makabati umeandikwa na watu wa latitudo za juu. London, mwezi Juni, mchana hupita saa 16; usiku hautoshi kuiridhisha krisanthemamu hata ukiitoa nje. Huko kuziba ni lazima, kwa sababu sehemu ya usiku wa kabati itaangukia jua likiwa bado juu. Nairobi, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki robo saa. Dar es Salaam haifiki saa nzima. Tumejaliwa usiku wa muda wa saa 12 mwaka mzima, na ndiyo maana saa zetu za Kiswahili zinaweza kuanza kuhesabiwa jua linapochomoza bila kumpoteza mtu.

Basi kwa nini mtu wa Dar au Mombasa awashe taa za kabati usiku na kuzima mchana? Sababu huwa moja: joto. Usiku kuna ubaridi, taa haziungui, mimea hainyauki. Ni hoja ya haki, lakini ina bei yake. Usiku wa mmea sasa unaangukia adhuhuri, wakati dirisha la chumba lina lux elfu kadhaa. Ule ufa wa milimita 3 uliokuwa unaingiza lux 2 jioni, sasa unaingiza karibu 20, na jua likiupiga moja kwa moja hesabu yote inaharibika. Fundi atakayeupanga usiku wa kabati uende sambamba na usiku wa nje, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, amekwisha kuziba sehemu kubwa ya mianya yake bila kukata hata kipande kimoja cha tepu. Kinachobaki ni taa ya chumba kwa saa tatu nne za jioni, nayo inaweza kuelekezwa upande mwingine.

Kuna kasoro katika zawadi hii ya Ikweta, nayo isifichwe. Mimea huhesabu hata mapambazuko na machweo, kwa hiyo usiku halisi inaouona ni mfupi kidogo kuliko ule wa kwenye almanaka. Mmea unaodai giza la karibu saa 12, kama poinsetia, huishi kwetu ukingoni kabisa. Taa ya ulinzi ya jirani inatosha kuusukuma nje ya ukingo, upande unaoelekea taa ukabaki kijani huku mwingine ukiiva wekundu. Mbaazi za asili za Babati, Tanzania, zinaonyesha jinsi ukingo huo ulivyo mwembamba. Hupandwa pamoja na mahindi mwishoni mwa mwaka, zikasubiri, zikachanua katikati ya mwaka unaofuata siku zinapofupika na baridi kuingia. Huko Babati tofauti ya siku ndefu na fupi ni kama nusu saa tu kwa mwaka mzima. Mmea unaosoma nusu saa iliyotawanywa kwenye miezi sita si wa kudharauliwa.

Wakulima wa maua wa kandokando ya Ziwa Viktoria, Uganda, wanalijua hili kutoka upande wa pili. Hutoa vipandikizi vya krisanthemamu vya kupeleka Ulaya, na kipandikizi kilichoanza kufanya ua hakina soko. Kwa kuwa usiku wa hapo ni mrefu kiasi cha kuchanulisha mwaka mzima, wao huwasha taa katikati ya usiku ili kuukata. Wanachokifanya kwa makusudi ndicho anachokiogopa mwenye kabati. Taa zao si kali. Nuru ya lux 100 hivi inatosha, tena ya kuwaka na kuzima kwa vipindi. Kwa upande mwingine, banda lililowashwa likipakana na lililotakiwa kuwa gizani, ni ukuta wa nailoni nyeusi unaoamua biashara ya mabanda yote mawili. Huko Japani, rasi ya Atsumi katika mkoa wa Aichi inajulikana kwa mabanda ya krisanthemamu yanayong'aa usiku kwa mbinu hiyo hiyo.

Turudi kabatini. Kabla ya kuangalia nje, angalia ndani. Kitaa kidogo cha ekstensheni, cha taima, cha kidhibiti cha feni, vyote huwaka usiku kucha sentimita chache kutoka kwenye majani. Kitaa chekundu ndicho kibaya, kwa sababu kinakaribia rangi ile ile ambayo fitokromu huipokea vizuri kuliko zote. Kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme kinamaliza kesi. Taa ya kijani ambayo wengine huitumia kukagua mimea usiku ina unafuu, si kinga: hupunguza madhara, haiyafuti.

Baada ya hapo ni kazi ya seremala zaidi kuliko ya tepu. Mlango unaofunga kwa kugusa fremu bega kwa bega hautabana kamwe, hasa mbao zikivimba wakati wa masika na kunywea kiangazi. Unaotakiwa ni wa kupandiana: ubao mwembamba unaogongomelewa ndani ya fremu pande zote nne, mlango ukaukalia. Nuru ikiingia kwenye mwanya inakutana na ubao, inalazimika kupinda kona. Juu ya ubao huo bandika utepe wa sponji nyeusi wa kujibandika, ule wa kuzuia vumbi milangoni. Upande wa bawaba husahaulika kila mara, kwa kuwa bawaba zenyewe huacha nafasi. Kipande cha mpira au kitambaa kizito cheusi kilichopigiliwa upande mmoja tu, kikafunika mwanya mlango unapofungwa, hufanya kazi kwa miaka.

Vifaa vingine vina hila zao. Silikoni inayoonyesha, inayopendwa kwa kuziba, huziba maji na hewa lakini nuru inapita ndani yake kama kwenye kioo, nunua nyeusi. Povu la kutanuka likikatwa jembamba hupenyesha mwanga wa rangi ya asali, na aina nyingi hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo sipendi kuliona karibu na taa. Tepu ya kitambaa hubandika vizuri ikiwa baridi. Kwenye joto la juu ya kabati gundi yake huyeyuka, ikateleza, na baada ya wiki chache unakuta pembe imefunuka. Tepu ya alumini hustahimili joto na haipitishi nuru hata kidogo. Nailoni nyeusi nyembamba ina vitundu vingi vya kukunjwa; ikunje mara mbili. Hema za kuoteshea mimea za kununua zina ugonjwa wao: mishono. Sindano ya kiwandani huacha safu ya vitundu kando ya zipu, na ukikumbuka hesabu ya tundu la milimita 1 utajua kwamba huo ni ugonjwa usioua.

Hapa ndipo tunapofikia hewa, na hapa ndipo makabati mengi hufa. Umeme wote unaoingia kwenye taa huishia kuwa joto ndani ya kabati, hata taa ikiwa ya LED. Taa ya wati 100, ukitaka kabati lisizidi joto la chumba kwa zaidi ya nyuzi 5, inadai takriban mita za ujazo 60 za hewa kwa saa. Dar es Salaam ya Februari, chumba kikiwa na nyuzi 31, hizo nyuzi 5 za ziada zinakufikisha 36, na mimea mingi hapo imeshaanza kulalamika. Usiku taa zikizimwa joto linashuka, majani yanaendelea kutoa unyevu, na kabati lililozibwa kila tundu linageuka chungu chenye kifuniko: matone juu ya dari, ukungu wa kijivu kwenye maua. Kwa hiyo feni izunguke usiku pia, na njia ya hewa iwe wazi. Nuru isipite, hewa ipite, kwenye tundu moja.

Ufumbuzi ni wa kale, tena ni ule ule wa vyumba vya giza vya wapiga picha. Nuru husafiri kwa mstari ulionyooka, hewa hupinda. Jenga njia ya hewa yenye kona mbili au tatu, ndani uipake rangi nyeusi isiyong'aa. Watu hujenga kona kisha wakaacha ndani kweupe au, kibaya zaidi, wakaipamba kwa karatasi ya kung'aa iliyobaki kwenye kuta za kabati. Rangi nyeusi isiyong'aa hurudisha kama asilimia 5 ya nuru. Ikigonga mara tatu, kinachobaki ni sehemu moja kati ya 8,000. Lux 300 za sebuleni zinakuwa chini ya mbalamwezi mara kadhaa. Karatasi ya kung'aa hurudisha asilimia 90 au zaidi. Ikigonga mara tatu, zaidi ya asilimia 70 ya nuru imefika ndani. Rangi ya debe dogo ina kazi kubwa kuliko kona tano.

Kona hizo hukaba hewa, na feni ndogo ya kompyuta iliyoandikwa kiwango kikubwa kwenye boksi lake hupeleka kidogo zaidi inapokutana na kizuizi. Tiba yake ni upana. Njia ya kuingilia hewa iwe pana kuliko mdomo wa feni, mara mbili ikiwezekana, na kona ziwe na nafasi. Feni ikae juu ikitoa, tundu la kuingilia likae chini, upande usioelekea dirisha. Feni inayotoa ina faida ya pili: huvuta mlango ndani, ukabana sponji yake.

Kupima ni kazi fupi. Subiri usiku, weka tochi kali ndani, funga mlango, zima kila taa ya chumba, kaa kidogo mpaka macho yazoee, kisha zunguka kabati. Weka alama kwa chaki pale nuru inapotoka, maana inakotoka ndiko inakoingilia. Ukitaka kujua inayoufikia mmea hasa, fanya kinyume: acha simu ndani ikirekodi video, ikiwa mahali pa majani, nawe uwashe taa za chumba au ufanye hivyo mchana. Kamera ya simu haina ukali wa jicho lililozoea giza, lakini inaangalia kutoka mahali pa mmea, na hilo jicho lako haliwezi. Inayoonekana kwenye video ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Nuru inayotoka nje ina wadai wake, nao si mimea. Taa za zambarau zinazopenya chini ya mlango saa 8 usiku huwanyima watu usingizi, na jirani akaanza kuuliza kuna nini humo ndani.

Limebaki moja ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji, kwa sababu kwao halitokei mara nyingi: umeme kukatika. Taima ya kuzungusha, ya bei nafuu, husimama umeme ukikatika na kuendelea pale ilipoachia unaporudi. Mgao wa muda wa saa nne mchana mmoja, mwingine wa saa tatu baada ya siku mbili, na usiku wa kabati umehama. Mmea hauumii kwa giza la ghafla mchana. Hamner na Bonner walishalionyesha. Tatizo ni kwamba usiku uliopangwa uanze saa 12 jioni sasa unaanza saa 7 usiku na kuishia saa 7 mchana. Mianya iliyokuwa inatazama chumba cheusi sasa inatazama dirisha lenye jua, huku watoto wakifungua kabati saa 3 asubuhi kuona maua, wakidhani kumekucha humo ndani kama nje. Wengi hurudi kwenye tepu wakati huo, wakitafuta tundu jipya. Dawa ni taima ya kielektroniki yenye betri yake ya ndani, inayokumbuka saa umeme usipokuwepo. Ukiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu kati ya tepu ya alumini na taima hiyo, nunua taima.